Vijiti vya Zamu vya Mparo

Cha, cha, cha. Jogoo alikuwa bado hajawika, lakini ungo wa Bibi Naetwe ulikwisha kuamka jikoni. Alikuwa akipepeta maharage ya mbegu, na makapi yakimwangukia miguuni. Wajukuu wake wawili, Eliapenda na mdogo wake Tumsifu, waliokuja kwake likizo, walijikunyata karibu na mafiga wakiota moto. Tumsifu alikuwa na habari ya jana, na haikutaka kungoja chai.

"Bibi, ungemwona yule jenerali wa kwenye video! Miwani myeusi, nishani mpaka tumboni. Akisema neno anapiga meza, watu wazima wanatetemeka. Nikamwambia fundi baiskeli, dikteta kama yule akija hapa kwetu mimi nitamjua toka kule barabarani. Akacheka! Akasema, 'Mpewa zamu, upanga wa nini?' Tukamwuliza maana yake, akasema tumwulize bibi yetu."

"Akasema wewe ndiwe unayejua ilikotoka," Eliapenda akaongeza.

"Fundi mvivu wa kusimulia huyo," Bibi akasema, "lakini ana adabu, hakuwapa hadithi nusu." Akauweka ungo juu ya magoti. "Mpewa zamu, upanga wa nini? Haya, sogeeni. Methali hii ilianzia kwenye maji, na ilianza hivi."

Zamani, kabla ya mabomba, watu wa kitongoji cha Mparo, huku huku milimani, walikuwa wakilima kwa maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo lililojengwa juu ya mashamba. Maji ya kijito yalikuwa yakiingia humo usiku kucha mpaka likajaa. Alfajiri mwenye zamu alipanda, akachomoa kizibo cha gogo, na maji yakashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Jioni alikirudisha kizibo na kukikandika kwa udongo na majani ya migomba, ili kesho mwenzake naye apate.

Kaya zilikuwa kumi na nne, na kila kaya ilikuwa na siku yake na kijiti chake. Kijiti kilikuwa cha mti mgumu, chenye urefu wa mkono, kilichochomwa alama kwa chuma cha moto. Mmoja alikuwa na alama ya jembe, mwingine ya mwezi, mwingine ya mkuki. Siku yako ilipofika ulikichomeka kijiti ukingoni mwa ndiva, na hata mtoto aliyepita na mbuzi alijua maji ya leo ni ya nani. Tena mwenye zamu ya maji ndiye aliyekuwa na zamu ya mambo mengine yote siku hiyo. Ndiye aliyekagua ukuta wa ndiva. Ndiye aliyepiga mbiu kukiwa na jambo la kuwaita watu barazani. Ndiye aliyesema msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja, ufanyike shamba gani. Siku hiyo moja hata mjane maskini alikuwa mkubwa wa Mparo. Jua likizama, ukubwa umekwenda kwa jirani.

Mjane mmoja aliitwa Nakiete. Alikuwa na watoto wawili, Seuri na dada yake mdogo, na shamba la ngazi nne kwenye mteremko, maharage juu na magimbi chini. Kijiti chake kilikuwa na alama ya unyayo wa kuku. Alikabidhiwa na mama mkwe wake, naye alikiweka juu ya kizingiti cha mlango, mahali ambapo akitoka lazima akione.

Watu wa Mparo walikuwa na mchezo wao. Kila mwaka baada ya mavuno walicheza mchezo wa Mngurumo. Mngurumo alikuwa mtawala dhalimu, na siku zote aliyeuvaa uovu huo alikuwa Mbazi, mwashi mmoja mpole lakini mwenye sauti ya fahali. Alivaa pembe za ng'ombe, akajipaka masizi, akashika upanga wa ubao, akatokea migombani akinguruma, "Nani mkubwa hapa? Leteni mbuzi wenu! Leteni vibuyu vyenu! Pigeni magoti!" Watoto walipiga yowe kwa raha, kisha wakamtwanga kwa magunzi mpaka akakimbilia mtoni. Watu walirudi makwao wametunisha vifua. "Dhalimu akija Mparo," walisema, "tutamsikia angali ng'ambo ya mlima."

Sasa katika kitongoji hicho alikuwako mtu aitwaye Kajiru. Huyu hakuwa na sauti. Ukitaka kumsikia ilibidi usogee. Alikuwa mtu wa kupokea mizigo ya wazee njiani, mtu wa kuketi msibani mpaka siku ya mwisho. Mzee Mbonea alipoteguka mguu, Kajiru alimwambia, "Mzee, usipande na mguu huo. Nipe kijiti, nikufungulie maji." Mzee akampa. Asubuhi akakuta shamba limelowa vizuri kila pembe. Nani asingeshukuru?

Mwezi haukuisha, Seuri mtoto wa Nakiete akashikwa na homa kali. Usiku wa kuamkia zamu yake Nakiete hakulala. Alfajiri Kajiru akabisha hodi akiwa na mzigo wa kuni kichwani.

"Shemeji, nimesikia mtoto hajapata nafuu," akasema. Alimwita shemeji kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. "Kaa naye. Maji niachie mimi."

Nakiete akakitoa kijiti juu ya kizingiti, akampa kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Wema ule ulikuwa wema kweli, mtu asiseme ulikuwa wa uongo. Kuni zile ziliwaka, na mtoto alikunywa uji uliopikwa kwa kuni zile.

Mtoto akapona. Nakiete akawaza kwenda kukichukua kijiti chake. Lakini kulikuwa na baridi, na njia ya kwenda ndiva ina mawe na umande, na Kajiru alikuwa amesema, "Hakuna haraka, shemeji." Zamu iliyofuata aliamka jua limetoka, akakuta maji yamekwisha kufika shambani. Ilikuwa raha. Akalala tena zamu iliyofuata.

Hakuwa peke yake. Huyu alikuwa na harusi, yule alikuwa na gulio, mwingine alikuwa amekesha kwenye pombe na kichwa kinamgonga. Kijiti kimoja kimoja, vikaenda nyumbani kwa Kajiru. Akavifunga kwa kamba ya mgomba, akavitundika ukutani. Watu wakasifu, "Tangu Kajiru ashike maji, hakuna ugomvi ndivani." Na ilikuwa kweli. Mwaka huo kwenye mchezo wa Mngurumo, Kajiru aliketi mbele kabisa, amempakata binti wa Nakiete, akicheka mpaka akafuta macho. Mtoto akarusha gunzi, Kajiru akamwokotea jingine.

Mambo yakaanza kubadilika, lakini hakuna aliyeweza kusema siku gani. Mara ya kwanza alikuja mwenyewe kueleza. "Shemeji, maji yako yatachelewa mpaka mchana. Juu kuna shida kidogo." Mara ya pili akatuma mtu. Mara ya tatu hakutuma. Waliomsalimia vizuri mashamba yao yalilowa, na waliouliza maswali waliambiwa kijito kimepungua. Vijana watatu waliopewa maji mengi wakaanza kukaa ndivani kutwa nzima, wakiitwa wasaidizi. Kisha msaragambo ukafanyika shambani kwa Kajiru. Watu wakasema ni haki, si anatusaidia? Mara ya pili ukafanyika huko huko. Mara ya tatu hakuna aliyeuliza ni wapi, walichukua majembe wakaenda.

Na baraza halikukutana tena. Mpiga mbiu ni mwenye zamu, na zamu zote zilikuwa zinaning'inia kwenye ukuta mmoja.

Ilifika siku Nakiete alisimama kwenye ngazi ya juu ya shamba lake akashika jani la mharage. Likavunjika mkononi kama karatasi. Maharage yalikuwa yametoa maua, na ni wakati wa maua ndipo maharage hayavumilii kiu. Zamu yake iliyopita hakupata hata tone. Zamu nyingine ilikuwa kesho kutwa. Ikipita hiyo, mavuno hakuna, na ghalani kwake palikuwa na vibaba vichache tu vya kuwafikisha watoto kwenye mavuno hayo.

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Kajiru.

Kajiru alimpokea kama siku zote, akamvutia kigoda, akauliza habari za watoto kwa majina yao.

"Watoto hawajambo," Nakiete akasema. "Nimefuata kijiti changu."

"Kijiti? Kuna tatizo gani, shemeji?"

"Maharage yangu yanakufa."

"Ungeniambia mapema! Nitaona la kufanya. Labda wiki ijayo."

"Sikuja kuomba maji, shemeji. Nimekuja kuchukua kijiti changu. Kesho kutwa ni zamu yangu, nitapanda mwenyewe."

Kajiru akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "Nakiete, kuna mtu alikunyang'anya kijiti?"

"Hapana. Nilikupa."

"Kuna mtu alikupiga?"

"Hapana."

"Basi, unanilaumu nini? Nikivirudisha mtaanza kugombana kama zamani. Mimi ndiye ninayewazuia msishikane mashati. Tena vile vijiti vilikuwa vimeanza kuliwa na bungua. Nilivitia jikoni tangu masika." Akanyoosha mkono nyuma ya mlango akatoa kijiti kimoja, kirefu, kimepigwa msasa wa majani mpaka kinang'aa. Hakikuwa na alama yoyote. "Siku hizi ni hiki tu. Ni cha wote."

Nakiete alikitazama kijiti kile. Akajaribu kuona mahali ambapo unyayo wa kuku ungekaa. Hakuaga.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mbonea, ambaye mguu wake ulipona vibaya akabaki kuchechemea. Akamwambia yote. Mzee alikuwa akivuta ugoro, akausahau mkononi.

"Amevichoma?"

"Vyote. Na wala hakuona haya kuniambia."

"Aone haya kwa nani? Hakuna tena siku ya mtu mwingine." Mzee akapangusa pua. "Miaka yote hii nilikuwa ninategea sikio ngurumo. Tazama huyu. Hana pembe, hana upanga, sauti hata mke wake haisikii vizuri. Ana nini mkononi, Nakiete? Ana asubuhi zetu tulizolala. Na mimi ndiye wa kwanza kumpa, Mungu anisamehe."

"Mzee, mimi sikuja tulie pamoja. Una chuma?"

Mzee Mbonea akamtazama, akaanza kucheka, jino lake moja likaonekana. Akaingia ndani akatoa chuma. Jioni ile Nakiete alikata tawi la mti mgumu, akalimenya gome, akachoma unyayo wa kuku. Mistari haikunyooka. Kuku huyo alikuwa kilema, lakini alikuwa kuku.

Alfajiri ya zamu yake alipanda njia ya mawe na umande, jembe begani, kijiti mkononi. Hakuwa ameipita njia ile miaka mitatu, na miguu ilikuwa imeisahau. Alijikwaa mara mbili. Wasaidizi watatu walikuwa wakiota moto ukingoni mwa ndiva. Mkubwa wao aliitwa Mrindoko, kijana mwenye mabega kama mlango.

Nakiete akakichomeka kijiti chake ardhini mbele yao.

"Mama Seuri," Mrindoko akasema, akiinuka, "rudi nyumbani. Leo si siku yako."

"Ni siku ya nani?"

"Tumeambiwa maji yasifunguliwe."

"Mmeambiwa na nani?"

"Na Kajiru."

"Na Kajiru kaambiwa na nani?"

Mrindoko akawatazama wenzake. Hakuna kati yao aliyewahi kuulizwa swali hilo.

"Baada ya alama ya jembe huja unyayo wa kuku," Nakiete akasema. "Hata wewe ulifundishwa hivyo ukiwa unachunga mbuzi. Sasa nitaingia majini. Ukitaka kunipiga, nipige. Una upanga hapo?"

"Sina, mama."

"Basi nipishe."

Akaingia, maji ya baridi yakamfika kiunoni, akapapasa, akakamata gogo, akalivuta. Maji yakatoka kwa kishindo yakaingia mferejini. Naye akatoka mbio na jembe lake kuyafuata shambani.

Hakuwa amelowesha hata ngazi moja, maji yakakatika. Akapanda tena. Kajiru alikuwa amefika, amejifunika blanketi, na kizibo kilikuwa mahali pake.

"Shemeji," akasema, kwa huzuni ya kweli kabisa. "Mtoto wako alipokuwa anakufa kwa homa, nani alikufungulia maji? Nani alikuletea kuni?"

Maneno hayo yalimchoma Nakiete kuliko baridi, kwa sababu hayakuwa uongo.

"Wewe," akasema. "Nilikushukuru siku ile, na leo nakushukuru tena mbele ya vijana hawa. Wema wako niliupokea, shemeji. Zamu yangu sikukupa iwe bei yake."

Akaingia tena majini, akachomoa. Alipoteremka wakaziba. Akapanda, akachomoa. Wakaziba. Ikawa hivyo mpaka jua likafika utosini. Mara ya mwisho alipotoka ndivani meno yalikuwa yanagongana, midomo imekuwa ya buluu. Kajiru alikuwa amekwenda zake kula. Mrindoko akavua koti lake akamwekea mabegani, kisha akageuka kutazama mlima, na safari hiyo hakuziba. Jioni ngazi mbili kati ya nne zilikuwa zimelowa. Ngazi mbili ni chakula cha watoto. Kiduchu, lakini chakula.

Habari zikaenea kabla ya giza. Wengine walisema, "Anajitafutia makubwa." Wengine walianza kuangalia juu ya vizingiti vyao vitupu.

Kwa mpangilio wa zamani, baada ya unyayo wa kuku huja mwezi, na mwezi ulikuwa wa Mzee Mbonea. Alfajiri alipanda na mguu wake mbovu, Nakiete akimshika mkono, na penye mwinuko mkali alipanda kwa makalio akijitukana mwenyewe. Alichomeka kijiti chake kipya. Alichomoa kizibo. Kisha hakuondoka. Aliketi pale pale kwenye mdomo wa ndiva, akautumbukiza mguu mbovu kwenye tundu, maji yakipita pembeni yake.

"Mzee, toka," mmoja wa wasaidizi akasema. "Tunataka kuziba."

"Zibeni. Zibeni na mguu huu, mimi sina kazi nao tena."

Wakamzunguka kama mbwa wanaomzunguka nungunungu. Kajiru akaja, akasihi, akakumbusha misiba na mizigo. Mzee aliitikia kila neno, "Kweli, mwanangu, asante sana," na hakuutoa mguu. Shamba lake lililowa mpaka likavuka kwa jirani.

Siku ya tatu ilikuwa ya alama ya mkuki, na kaya hiyo ilikuwa ya mama yake Mrindoko. Alipanda akihema, mwanamke mfupi mnene, kijiti kipya kwapani, na tangu mbali sauti yake ilisikika.

"Wewe Mrindoko! Umesimama hapo kama nguzo ya zizi, unamzuia nani? Mimi? Niliyekubeba mgongoni kwenye njia hii hii kuja kufungua maji haya haya?"

"Mama, mimi nime—"

"Umefanya nini? Umekula? Uji uliokunywa asubuhi umetoka kwenye maji ya nani? Ingia humo uchomoe kizibo, na mkirudi nyumbani nitawapa nyote watatu cha kula, maana naona huyo mkubwa wenu hata chai hawapi!"

Mrindoko akaingia majini na nguo zake zote. Wenzake wakacheka, wakamfuata. Kajiru alikuwa anapanda. Akasimama nusu njia, akasema neno, lakini maji yalikuwa yanapiga kelele na sauti yake haikusikika.

Mama Mrindoko ndiye aliyekuwa mwenye zamu siku hiyo, na mwenye zamu ndiye mpiga mbiu. Akapiga. Jioni watu wote wa Mparo wakakutana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na wengi walisalimiana kama wageni.

Palikuwa na makelele mengi. Wako waliotaka Kajiru afukuzwe. Wako waliotaka aachwe na shamba lakini asipate tone la maji mpaka afe. Kajiru aliketi peke yake akiangalia mikono yake. Katika makelele hayo akasimama Mbazi, yule mwashi wa kuvaa pembe, akaomba kuuliza jambo ambalo lilikuwa likimkera.

"Jamani, mimi nimekuwa dhalimu wenu miaka saba. Nimevaa pembe, nimenguruma mpaka koo limeota sugu. Nimewaambia pigeni magoti. Na katika miaka saba hakuna hata kaya moja iliyonipa kijiti! Nimeambulia magunzi. Huyu hakuomba hata kwa sauti, mkampa vyote kumi na vitatu. Kwani mimi nilikosea wapi?"

Watu wakaangua kicheko, cha kwanza katika baraza lile, na wengine walicheka huku wanalia. Mzee Mbonea akangoja wanyamaze.

"Ulikosea kuja na upanga, mwanangu," akasema. "Wenye upanga tunawaona. Mpewa zamu, upanga wa nini?"

Hapo kicheko kikaisha. Kila mtu akasikia kwamba neno hilo halikumtaja Kajiru peke yake. Lilikuwa na mtu wa pili ndani yake, yule aliyetoa.

Ndipo Nakiete akasimama. "Sisi ndio tuliompa," akasema. "Kwa hiyo sitaki asukumwe mtoni kama Mngurumo, tukarudi nyumbani tunajisifu. Na maji tusimnyime. Kajiru ana siku moja katika siku kumi na nne, kama mimi. Tukimnyang'anya hiyo moja, kesho mtu mwingine atajitolea kutulindia siku hiyo ya Kajiru, na tutaanza upya. Mpeni chuma achome alama yake."

Walinung'unika, lakini wakakubali. Na wakaweka sharti ambalo liko mpaka leo. Ukiugua, jirani atakufungulia maji, na Mungu ambariki. Lakini jioni atakurudishia kijiti mkononi. Kama umelala atakuamsha. Kama mkono hauna nguvu ya kushika, atakufumba vidole.

Maharage ya ngazi mbili yalizaa. Siku ya kuvuna Nakiete alichemsha magimbi, akafunika sahani kwa jani la mgomba, akampelekea Kajiru. Nyumba ile iliyokuwa haikosi watu mlangoni ilikuwa kimya, na kuku walikuwa wamelala kwenye vigoda vya wageni. Kajiru akaondoa kuku mmoja, akampangusia nafasi. Walikula pamoja.

"Watoto wananiimbia njiani," Kajiru akasema. "Mpewa zamu, upanga wa nini."

"Na mimi wananiimbia. Hukusikia? Kuna aliyepewa, na kuna aliyetoa."

"Mimi nilianza kwa kukusaidia, shemeji. Wallahi, asubuhi ile sikuwa na nia nyingine."

"Najua. Kuni zako ziliwaka vizuri. Kosa lako ni kuchoma vijiti. Kosa langu ni kulala. Na sitalala tena, hata ukinibembeleza kwa wimbo." Akasimama, akakusanya sahani yake, kwa maana kesho ilikuwa zamu yake na alitaka kuamka mapema.

Kajiru akamsindikiza mpaka kwenye uzio. Pale akasimama akishika mti wa uzio kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza Nakiete hakulazimika kusogea ili amsikie.

"Shemeji, pita tena siku nyingine," akasema. "Pita hata kama huna shida ya kitu."